Faini ya Kiti cha Bluu

Wasikilizaji wapendwa, haki ya Mungu, nitakayowasimulia leo ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje moja, nitozwe faini.

Tunamkumbuka mwalimu wa chekechea. Miaka thelathini na moja, darasa lile lile, kiti kile kile kidogo cha bluu. Mtoto aliyenuna aliketi hapo. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Mwalimu alichuchumaa mbele yake, akauliza: "Umebeba nini?"

Siku moja mtoto alimng'ata mwenzake, wakigombania ndoo ya kuchezea mchanga. Akaketishwa.

"Umebeba nini?"

"Hasira."

"Na chini ya hasira?"

"Mama ana mtoto mpya. Hanibebi tena."

Yule aliyeng'atwa, alama za meno bado mkononi, akamsogezea ndoo. "Haya, chota wewe kwanza. Ila usining'ate."

Ndivyo alivyofundisha mwalimu wetu. Na aliyedanganya kwamba yuko sawa, faini yake ilikuwa kurudi kitini aseme upya, ukweli. Hata mkaguzi wa shule alitozwa. Kiti kikamganda, akatembea nacho matakoni mpaka kituo cha basi. Kweli tupu!

Mumewe tu ndiye ambaye hakuwahi kuketi. Dereva wa malori huyo, aliyesukuma lori bovu mlimani peke yake huku akipiga mluzi. Dada wa marehemu anasema: "Shemeji yangu, ukimwuliza habari za moyo, anakupa habari za injini."

Siku ya mwisho, hospitalini, mwalimu alimshika kidole. Sauti ilikuwa imebaki uzi.

"Mzee wangu, umebeba nini?"

"Mimi? Niko sawa, mke wangu. Pumzika."

Akaanza kumsimulia kichekesho. Mwalimu akatabasamu, akafumba macho. Kichekesho hakikufika mwisho.

Msibani mume huyo hakutoa chozi, wasikilizaji. Jicho lilichuruzika kidogo, lakini lilikuwa vumbi. Mwanamume wa chuma yule, hata—

"Babu."

Samahani, wapendwa. Huyu ni mjukuu wa marehemu. Ana miaka mitano. Tumemleta studio asalimie tu.

"Babu, mume wa bibi si ni wewe?"

Ni mimi.

"Na haikuwa vumbi. Ulikuwa nyuma ya mlango, umejifunika sweta ya bibi. Faini!"

Kumbe ule mzigo aliong'ang'ania kuubeba kutoka nyumbani ni kile kiti cha bluu. Haya, nimeketi. Magoti yananigusa kidevu.

"Umebeba nini, babu?"

Huzuni.

"Na chini yake?"

Majuto, mjukuu wangu. Bibi yako aliniuliza, nikamdanganya. Ningemwambia naogopa, tungeogopa wawili. Akaenda peke yake.

Lori tulisukuma watu wanane. Mkaguzi alinyanyuka kitini vizuri tu.

Pole kwa dada wa marehemu, pole kwa wanetu, pole kwa kila mtoto aliyepita mikononi mwake. Na nyinyi wapendwa, leo akiwauliza hali mtu anayewapenda, msikimbilie kujibu.

Mjukuu ameketi sakafuni. Amenishika kidole, kile kile.

Fundi mitambo, usiweke muziki kwanza. Bado nalipa.