Mwalimu Hemedi bin Sleyum, Aliyejibu kwa Kuimba

Wasifu uliosomwa hitimani, Miburani, Mfungo Tano 1330

Marehemu Mwalimu Hemedi bin Sleyum alizaliwa hapa Miburani mwaka 1270 wa Hijra, mtoto wa pekee wa Sleyum bin Hamoud, mkulima wa minazi, na Bi Mize binti Shaabani. Bi Mize alizoea kusema kwamba mwanawe alianza kuimba kabla ya kutembea, na akipotea uani alimtafuta kwa masikio.

Alifundishwa Kurani na baba yake, kisha akapelekwa Chole kwa masheikh, akarudi ameihifadhi yote. Mwaka 1295 alifungua chuo barazani kwao. Siku zile zilikuwa tamu! Ukienda kisimani asubuhi ulizisikia sauti za watoto tangu mbali, na ya mwalimu juu yao. Fimbo alikuwa nayo, lakini waliosoma kwake wanajua kwamba waliochapwa zaidi ni kuku. Maulidi asiyoyasoma yeye yalikuwa kama pilau isiyo na nyama.

Mwaka 1301 alimwoa Mwatima binti Iddi wa Kiegeani, wakajaliwa binti mmoja, Arafa. Binti alipokua, ikajulikana kuwa Shamte bin Mfaume, rafiki wa marehemu tangu Chole, anataka kumposea mwanawe aitwaye Jumanne. Arafa akamwendea baba yake, akamwambia hamtaki.

"Basi, mwanangu," akajibu. "Akija Shamte, nitamkatalia kwa kinywa changu mwenyewe."

Maradhi yalimtangulia Shamte. Mwezi wa Rajabu 1327 mwalimu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, maneno yakamkauka. Akiwa na kiu alishindwa kusema maji, lakini ukimwanzishia sura aliimaliza bila kukwama. Watu hawakosi la kusema. "Shikamoo haitikii, Yasini anaisoma! Mwalimu ametususa." Naye alisikia kila neno, nalo lilimuuma.

Tabibu wa Kizungu aliyepita Chole alimtazama. Kwa kinywa cha mkalimani alimweleza Mwatima kuwa maradhi hayamo ulimini, yamo ubongoni. Matabibu wa kwao, katika uchunguzi wao wa karibuni, wameona kwamba upande mmoja wa ubongo ukiumia, mtu hukosa maneno ya kujisemea, lakini aliyoyahifadhi na anayoyaimba huweza kubaki.

Ndipo Shamte akaja na posa yake, na wazee pamoja naye. Walipokwisha kusema walinyanyua mikono wakaanza Fatiha, kama ilivyo ada ya kufunga maneno ya posa. Mwalimu akaipokea, akaisoma kwa sauti nzuri mpaka mwisho. Wageni wakashukuru: mwenye binti amekubali! Mwalimu akatikisa kichwa kukataa, akatikisa hata kilemba kikamwanguka.

"Kichwa cha mgonjwa hutikisika chenyewe," akasema Shamte. "Fatiha haijisomi."

Mwatima akawaeleza maneno ya tabibu. Wakamwambia hayo ni mambo ya Wazungu. Ndani, Arafa alikuwa akilia, na mwalimu alimtazama mkewe kama mtu anayezama. Mwatima akajitanda vizuri, akatoka barazani, akasimama mbele ya mumewe.

"Mume wangu, leo nakuuliza mbele ya wazee. Umeniacha talaka tatu?" Palepale akamwanzishia, "Alhamdu lillahi..." Mwalimu akaichukua, akaenda nayo mpaka amina.

"Haya, shemeji Shamte," akasema Mwatima. "Nikafunge sanduku langu?"

Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa. Shamte hakucheka. Alivaa makubadhi yake, akasema posa ameiondoa, na kwa miezi mingi hakukanyaga baraza hii.

Tangu hapo Mwatima akawa mwalimu wa mwalimu. Kila neno alilompa alilitia katika mahadhi ya kasida, nalo likatoka. Majirani tulizoea kumsikia akiimba, "Nipe maji, Mwatima," na hata leo masikio yanaitafuta sauti ile. Mwaka 1329 Arafa alipoposwa na Ussi wa Kilindoni, ambaye binti mwenyewe alimpenda, baba aliulizwa radhi yake. Aliimba, "Nimeridhia." Baraza zima lililia.

Kiharusi cha pili kilimchukua alfajiri ya Alhamisi, 19 Mfungo Tano 1330, akiwa na miaka sitini. Ameacha mjane, Bi Mwatima, binti, Arafa, mkwe, Ussi, na wanafunzi waliojaa kisiwa kizima.

Alizikwa siku hiyohiyo baada ya adhuhuri. Kabla ya jeneza kutoka, Bi Mwatima alituma neno kwa atakayesoma talkini, maana kaburini mja huulizwa, na talkini ndiyo humkumbusha majibu.

"Mwambieni asimsomee kavukavu," alisema. "Mume wangu kwa kusema hawezi. Amwimbie."

Wanaume walitazamana makaburini. Aliyesogea ni Shamte bin Mfaume. Alichuchumaa kichwani pa rafiki yake, akaivuta talkini kwa mahadhi ya maulidi, polepole, na kila baada ya swali alinyamaza kidogo, akamngoja.

Mola amlaze pema, na maswali yake yawe mepesi.