Mikono Chini ya Mapaja

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Najua unachofikiri: watu wazima watatu, wenye akili zao, hawawezi kukaribia kuua stesheni kwa kukalia mikono. Wanaweza. Mmoja wao nilikuwa mimi, na shule niliyosoma ni ndogo, lakini walinifundisha kusema nilichokiona. Kaa hapo usikilize.

Stesheni yetu ya Netherscote ina jukwaa moja, taa tatu, na chumba cha kungojea chenye benchi na kioo kipana kinachotazama reli. Ofisi ya tiketi ilifungwa nikiwa bado na meno yangu yote. Siku hizi hupita treni nne kwenda Harlsbridge na nne kurudi, na haisimami hata moja mpaka mtu aliye stesheni ainyooshee mkono. Sisi tunakaa pale kila asubuhi, maana baa inafunguliwa mchana na nyumbani kuna baridi. Yupo Wilfred, aliyekuwa akiongoza ishara za reli, tunamwita Filimbi. Yupo Cuthbert, mstaafu wa posta, tunamwita Kamusi kwa sababu hajapata kukosa jibu. Na mimi Hilda. Wananiita Wembe, sijui kwa nini.

Alhamisi hiyo tulikuta karatasi mlangoni: leo abiria watahesabiwa, na asipopanda mtu, kuanzia majira ya baridi treni hazitasimama tena Netherscote. Mimi nina dada yangu Mabel, yuko nyumba ya wazee kule Harlsbridge. Mpwa wangu aliyekuwa akinipeleka kwa gari alikuwa amehamia Australia wiki tatu nyuma. Basi la kijiji lilishakufa siku nyingi. Piga hesabu mwenyewe.

— Wanatuonea, alisema Filimbi, akimimina kahawa kutoka kwenye themosi yake. Miaka thelathini na moja nimefanya kazi hapa! Mwezi wa sita tulikuwa tunapakia stroberi mabehewa sita. Sita!

— Wiki jana yalikuwa manne.

— Wembe, usinikate.

— Hawafungi kitu, akasema Kamusi. Kabaila aliyetoa ardhi hii aliandikisha kabisa: treni isimame hapa milele, la sivyo ardhi irudi kwa ukoo wake.

— Umeiona hiyo karatasi?

— Baba aliiona.

— Baba yako hakujua kusoma, Cuthbert.

— Nimesema aliiona. Sikusema aliisoma.

Filimbi akatikisa kichwa.

— Ardhi wapi! Ni maua. Tulichukua tuzo ya bustani za stesheni miaka saba mfululizo. Watu wa Harlsbridge wamenuna mpaka leo. Wakubwa wote wa reli wanaishi Harlsbridge. Haya, unganisha.

— Yaani mtu afunge stesheni kwa ajili ya waridi?

— Hukuwaona sura zao, Wembe. Mwaka wa saba hawakupiga hata makofi.

— Nyie mnacheza, alisema Kamusi, akasogea karibu kama anayetoa siri ya serikali. Chini ya jukwaa hili kuna sarafu za Warumi. Debe zima. Yule fundi wa taa aliyekuja juzi, mlidhani ni fundi? Alikuwa na mtambo wa kupimia ardhi.

— Ilikuwa ngazi, mzee.

— Ndivyo walivyotaka uone.

Hapo treni ya saa nne na dakika tano ikapiga honi kwenye kona. Sote watatu tukaweka vikombe chini na kuingiza mikono chini ya mapaja. Ndiyo desturi yetu. Miaka tisa nyuma Filimbi alimpungia dereva kumsalimu tu, treni ikasimama, hakupanda mtu, na dereva akamkaripia mbele ya behewa zima. Tangu siku hiyo hakuna anayeonyesha hata kidole. Dereva akapunguza mwendo, akatutazama kupitia kioo, akaona mabega sita yasiyo na mikono, akaenda zake.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia msichana mwenye kizibao cha rangi ya chungwa na daftari, pua imekuwa nyekundu kwa baridi ya jukwaani. Ndiye aliyetumwa kuhesabu. Alikuwa amekuja kwa gari, maana angekujaje? Akaandika sifuri mbele yetu, kubwa na nzuri.

— Mwanangu, akaanza Filimbi, waambie wakubwa wako stesheni hii ni uhai wa kijiji!

— Nitaandika, mzee. Samahani lakini, nawauliza nyote: nani kati yenu aliyepanda treni hapa mara ya mwisho?

Filimbi akaitikisa themosi. Haikuwa na kitu.

— Swali lako lina pande nyingi, alisema Kamusi.

— Lina upande mmoja, Cuthbert, na tumeukalia.

Nami nilijitafuta kichwani. Mwaka wa tano huo sijapanda. Nilikuwa na mpwa mwenye gari, nikaja kila asubuhi kunywa kahawa ya bure na kulaani kampuni.

Niliuvuta mkoba wangu, nikafunga vifungo vya koti. Treni ya kwenda Harlsbridge ilikuwa imebakiza dakika chache.

— Unakwenda wapi? Filimbi akauliza.

— Kwa Mabel.

— Leo?

— Nisubiri waifunge kwanza?

— Mtu mmoja hataleta tofauti, Wembe, akasema Kamusi.

— Basi inukeni tuwe watatu.

— Leo goti linaniuma, alisema Filimbi.

— Mimi nasubiri barua, alisema Kamusi, ambaye alifanya kazi posta na anajua vizuri barua huletwa nyumbani.

Msichana alikuwa ameshaweka ncha ya kalamu kwenye mraba unaofuata. Honi ikalia kwenye kona: treni ya kwenda Harlsbridge. Niligeuka: wote wawili, kwa mazoea tu, walikuwa wamekwisha kukalia mikono yao. Nikatoka, mkono mmoja tayari uko juu, na kwa ule mwingine nikaufunga mlango.