Mama Tafuta Tena, Mkutubi wa Chumba Namba Tisa

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na kazi yangu ni cherehani. Nimeombwa niwasomee maisha ya dada. Mkiona nasitasita, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alikuwa karani wa posta na mama alikuwa mkunga. Wanawake walikuja nyumbani kumnong'oneza mama mambo yao, nasi watoto tukitolewa nje. Wote tulitoka isipokuwa dada, ambaye kila mara alikuwa na sahani ya kuosha karibu na dirisha. Mama alimwambia, "Wewe masikio yako yatakuponza." Yeye akajibu, "Mama, mbona wanaogopa hivyo kuuliza?"

Alimaliza sekondari mwaka 1976 na kupata cheti cha ukutubi mwaka 1979. Shuleni hakuwa wa kwanza darasani, lakini kitabu kikipotea, yeye ndiye aliyetumwa kukitafuta, na hakurudi mikono mitupu.

Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa katika maktaba ya chuo kikuu. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliandika kadi za vitabu kwa mkono, kwa mwandiko mzuri kuliko wa kadi za harusi. Mwaka 2003 zililetwa kompyuta, na pamoja nazo zile wanazoziita hifadhidata, yaani maghala ya makala za wataalamu wa dunia nzima, ambayo hufunguliwa kwa neno la siri la chuo. Dada alikuwa na miaka arobaini na mitano. Siku ya kwanza alikishika kile kipanya cha kompyuta kama anapiga pasi, vijana wakamcheka. Mwaka haukuisha, wale wale wakawa wanapanga foleni mlangoni kwake, chumba namba tisa.

Ndoa yake ilianzia maktabani pia. Shemeji yangu, fundi umeme, aliitwa kutengeneza feni. Akarudi wiki iliyofuata kuikagua. Aliporudi mara ya tatu, dada akamwambia, "Fundi, feni hii ni nzima. Mgonjwa ni nani?" Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1983 na kujaliwa watoto wawili.

Sasa niseme jambo lililompa jina. Mwaka 2009 alimjia mwanafunzi wa uuguzi akilia. Alitaka kuandika tasnifu kuhusu wanawake wanaolazimishwa kitandani na waume zao. Msimamizi wake alikuwa amemwambia, "Hayo hayajaandikwa na mtu. Badilisha mada." Binti alitafuta siku tatu, akaambulia sifuri.

Dada akamuuliza, "Uliandika nini humo?"

"Niliandika swali langu lote, mama."

"Ndiyo maana. Mashine haijui kilio, mwanangu. Inajua maneno. Tafuta tena."

Akamkalisha. Wakalivunja lile swali vipande vipande: ndoa, ridhaa, ukatili. Kwa kila kipande wakaandika maneno mengine yenye maana ile ile, wakiyaunga kwa "au". Kisha vipande vyenyewe wakaviunga kwa "na". Wakachagua tu makala zilizopitiwa na wataalamu. Wakipata moja inayofaa, wanatazama mwandishi wake amemsoma nani, nao wanamfuata huyo. Kufikia saa sita mchana walikuwa na makala sitini na moja. Binti akashika kichwa. "Kumbe wameandika hivi!"

Lakini walipoanza kuzifungua, zilifunguka tisa tu. Nyingine zote zilileta maandishi mekundu: Ukurasa umezuiwa kwa ajili ya maadili. Uongozi ulikuwa umeweka chujio mwezi ule bila kuwaambia wakutubi. Chujio likiona tu neno la jinsia au mwili, linafunga mlango, wala halijui kutofautisha makala ya daktari na uchafu wa mitaani.

Dada akaandika barua ya malalamiko. Jibu lilikuwa barua ya onyo, kwamba amefungua kurasa chafu kwenye kompyuta za chuo. Habari zikafika mitaani, na huko zikavimba. Wateja wangu wakaniambia, "Dada yako anawafundisha watoto wa watu uchafu." Leo sitaficha. Nilimwendea nikamwambia aache kazi, anatutia aibu. Akanitazama, akasema, "Mdogo wangu, hata wewe?" Sikuongea naye miezi miwili.

Tarehe 17 Juni 2009 aliitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti alikuwa profesa wa mifugo, mtu mzima wa heshima zake. Akamuuliza, "Mama, kwa umri wako huu, unatafuta nini huko?"

"Natafuta wanachotafuta wanafunzi wenu, mzee wangu. Mkizima taa, uchafu hauondoki. Tutaukanyaga tu."

Akawasha kompyuta mbele yao. Akatafuta saratani ya matiti: umezuiwa. Akatafuta afya ya mama mjamzito: umezuiwa. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Profesa, naomba tuifungue na ile makala yako ya upandishaji wa ng'ombe." Akabofya. Maandishi yale yale mekundu.

Aliyekuwepo alinisimulia kwamba mtu mmoja alishindwa kujizuia, na chumba kizima kikaangua kicheko. Profesa alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Basi na mimi ni mchafu," akasema. Wiki mbili baadaye chujio likaondolewa kwenye hifadhidata zote za maktaba, na ile barua ya onyo ikafutwa. Binti aliandika tasnifu yake kwa mada ile ile, akafaulu. Tangu hapo wanafunzi wakamwita dada Mama Tafuta Tena.

Nami alinitafuta, yeye aliyekosewa. Alisikia nalala vibaya, joto linanipanda, nami naona haya kwenda hospitali. Akaniita chumba namba tisa, akafunga mlango, akafungua makala kuhusu wanawake wanaokoma hedhi. Ilikuwa kwa lugha nisiyoijua. Akanisomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Nililia. Akasema, "Futa machozi, bado kurasa nne."

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na mtu akila maandazi karibu na kitabu alifukuzwa hata akiwa mkuu wa idara. Na jinsi alivyochelewa kazini, shemeji amepasha moto vyakula vingi peke yake.

Alistaafu Machi 2018. Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa kazi, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Tunawashukuru madaktari na wauguzi. Hata akiwa kwenye ile mashine, simu za wanafunzi alizipokea. Alitutoka Jumatano, tarehe 6 Machi 2024, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono. Zilibaki siku nane atimize miaka sitini na sita.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja ambaye ni mwalimu, mwana mmoja ambaye ni dereva, wajukuu watatu, kaka mmoja, na mimi.

Dada, niliwahi kukuonea aibu mbele ya wateja wawili watatu. Leo najivunia wewe mbele ya umati huu wote. Mungu akupokee, ulale kwa amani.