Ulimi ya Mupiga Trompeti

Ba mama na ba papa ba shirika yetu ya sala, muniruhusu nisimame. Niko naogopa. Karibu mwaka muzima niko naogopa, na leo nimekuja kuwaambia ginsi woga ilinikamata na ginsi Mungu alinifungulia njia.

Munanijua: niko mushonaji wa nguo hapa Katuba, na mu fanfari, bendi ya parokia, ninapigaka trompeti, ile tarumbeta. Ilikuwa trompeti ya papa yangu, mwenye alifanya kazi ku reli. Alipiga nayo pa maziko ya watu wengi. Siku tulimuzika yeye, nilipiga mimi, na mama yangu akanishika mukono pa makaburi, akasema: "Na mimi, weye njo utanipigia." Nikakubali. Kintu kama kile mutu hakatalake mama yake.

Siku ya maandamano ya Matawi, tulikuwa tunatembea tunapiga. Ndugu mwenye alikuwa mbele yangu akasimama gafla, juu kiatu yake ilifunguka. Sitataja jina. Anajijua, iko hapa, na sasa anaangalia chini. Trompeti ikamugonga mugongo, ikarudi mu kinywa yangu. Jino ya mbele, ya juu, ikavunjika mupaka ku muzizi.

Ndugu zangu, nawaambia, mupiga trompeti bila jino ya mbele hapigi kintu. Midomo inakosa pa kuegemea. Nilijaribu mu nyumba, ikatoka hewa tu, na batoto bakacheka. Mimi nikatoka inje, juu sikutaka banione nikilia.

Mulinichangia, nikaenda mu ville, katikati ya muji, kwa munganga wa meno. Ni mama mumoja kijana, mupole, lakini hafichake kintu. Alisema atatia mu mufupa muzizi ya kutengenezwa na jino juu yake, ya seramiki, nyeupe, juu ufizi yangu ya mbele iko nyembamba, na chuma ingeonekana nyeusi chini yake. Akautia, kisha akakata kipande ya nyama ku kaakaa ya kinywa, akakishona mbele ya ule muzizi, ili ufizi ikuwe nene. Mimi mushonaji nikaelewa haraka: alikuwa anatia dubliri, sawa na kitambaa ya ndani ya koti. Lakini kuelewa haikuondoa woga. Niliposikia uzi inapita, jasho ikalowesha shati yote.

Kisha akanieleza kintu chenye kiliniharibia usingizi.

"Papa, jino ya kuzaliwa, ufizi inaishika na nyuzi zake, zinaingia mupaka mu jino. Hii ya seramiki, ufizi inaikumbatia tu. Shingo yake iko na mistari midogo sana, macho haiwezi kuiona, ili nyama ipate pa kushika. Ikikosa kushika, mikrobe inapita pale, inashuka ku mufupa, na tutatoa yote. Usipige trompeti mupaka nikuambie."

Nikatii. Trompeti ikapanda juu ya kabati. Nikasafisha meno na brosi laini vile alinionyesha. Nikakula bukari, ule ugali yetu, ya baridi, na sombe ya majani ya mihogo bila pilipili. Nikamuahidi Mungu mambo mengine sitayasema hapa, juu bibi yangu, mwenye nilioa, iko anasikiliza.

Na damu ikatoka. Kila asubuhi, mu mate, damu. Mbele, pale pa dubliri, ufizi ilishika muzuri. Ni upande ya ndani, upande ya ulimi, njo ilikuwa inafunguka. Munganga akaangalia na kioo yake kidogo, akaangalia tena.

"Sielewe," akasema. "Kwa ndani nyama yako iko nene, pale njo pangeshika ya kwanza. Umepiga?"

"Hapana, mama."

"Papa, kweli?"

"Kweli mbele ya Mungu."

Akasafisha, akanirudisha nyumbani. Damu ikarudi. Akasafisha tena, ikarudi tena. Njo akaniambia: "Nikiona mufupa imeshuka, tutatoa muzizi. Na kisha hapo, sijue kama mufupa itabaki ya kutosha kwa ingine."

Nilitoka kule sijue miguu inanipeleka wapi. Nikaanza kuogopa kila kintu: brosi, mukate, hata kupiga chafya. Kukiwa kilio mu kartie, mu mitaa yetu, na fanfari inapita, nilifunga mulango ya atelie yangu ya kushonea nikaziba masikio. Nilikuwa nawaza tu mama yangu, kule Lukafu kwa dada yangu, anazeeka, na mimi sina kinywa ya kumupigia.

Siku moja niko ku mashini, nashona uniforme za batoto ba masomo. Bibi yangu iko anachagua sombe pa mulango. Nikasimamisha mashini nibadirishe uzi. Akainua kichwa.

"Papa, nani anapiga?"

"Anapiga nini?"

"Weye. Mu kinywa. Tu-tu-tu."

"Mimi? Mimi sipige kintu."

"Ngoja." Akasimama, akatia vidole chini ya kidevu yangu. "Shona."

Nikashona. Akasikiliza, kisha akasema polepole: "Ulimi yako iko inapiga fanfari. Ni ile wimbo ya maziko."

Bandugu, nikakauka. Ninyi ba fanfari munajua: kila noti inaanza na ulimi, inagonga nyuma ya meno ya mbele: "tu". Tangu utoto inagonga. Mikono yangu iliacha trompeti, midomo iliacha, ulimi haikuacha. Ku mashini, mu basi, hata Padiri akihubiri, ilikuwa inarudilia nyimbo, inagonga pale pale penye nyama changa inatafuta kushika. Na nikiogopa njo inazidi, juu nilikuwa nawaza maziko. Woga yangu yenyewe njo ilikuwa inafungua kidonda, na mimi sikujua!

Munganga aliposikia alicheka mupaka akatoa maski. Akatengeneza kintu ya plastiki, chembamba, ya kufunika nyuma ya meno, ili ulimi ikigonga, igonge plastiki. Nikaanza kusema sawa na mulevi. Na bibi yangu akageuka polisi: akisikia ile "tu", kofi ku bega.

Damu ikapunguka. Asubuhi nilikuwa natema mate macho yamefungwa, bibi yangu njo anaangalia. Mupaka siku moja akasema: "Fungua macho. Ni mate tu." Munganga akapitisha kijiti yake kuzunguka shingo ya jino, akapitisha tena, akasema: "Imeshika. Papa, nenda upige."

Munafikiri woga iliisha? Hapana. Trompeti ilibaki juu ya kabati mupaka leo asubuhi, bibi yangu alipoishusha. Kila siku nilisema kesho.

Sasa nishukuru. Mama munganga haiko hapa, Mungu amubariki kule iko. Ninyi bote mulichanga, sitasahau. Ndugu wa kiatu, nilikusamehe zamani, lakini funga kamba. Na bibi yangu, mwenye alinisikia pale mimi sikujisikia. Nawaachia neno hii: kama kidonda yako haiponi na umefanya yote, muombe mutu mwenye anaishi na weye akuangalie ukiwa mu kazi. Kuna vintu tunafanya sisi benyewe, na hatuvioni.

Namaliza. Ule mama muzee pa kiti, karibu na mulango, ni mama yangu. Alifika jana. Nilimuambia nitaanza polepole, labda mwezi yenye inakuja. Akaniangalia, akasema: "Mutoto yangu, siku ya maziko yangu mimi sitasikia kintu. Nipigie sasa, ningali na masikio."

Basi. Bibi yangu, leta trompeti. Mama, niko naogopa sana. Sauti ikivunjika, usisimame, usitoke. Nitaanza tena.