Shimo la Sifuri

Kijiwe cha Mfaranyaki hakina meza. Kina benchi la mbao, jiko la Getruda lenye birika la kahawa, na kiwanja cha udongo mwekundu ambacho yeye hukifagia kila asubuhi. Siku hiyo alikifagia mara mbili, mwanawe Pamela akiwa amelala mgongoni, maana kesho yake alikuwa na mtihani wa hesabu wa darasa la watu wazima. Aliishia la saba. Akifaulu huu, anaanza sekondari. Jambo moja tu lilikuwa limemshinda: kuchora mstari wa y = 2x + 1. Majibu ya nyuma ya kitabu yalisema mstari huo hukata mhimili uliosimama kwenye moja. Wa kwake kila mara ulikata kwenye tatu.

Mzee Makarius, ambaye kijiwe kilimbatiza Bwana Shamba ingawa hakuna aliyewahi kumwajiri, alikuwa amekwenda haraka nyumbani kwake na kurudi na kamba yake ya kupandia mahindi, yenye mafundo ya hatua sawasawa. Akapiga kigingi pembeni. Akavuta kamba moja kuelekea barabarani, nyingine kuelekea kanisani.

— Soma, mwanangu.

Getruda akasoma jedwali lake. Eksi sifuri, wai moja.

— Hiyo ruka. Sifuri ni hakuna. Nani anachimba shimo la hakuna?

Basi wakaanza na moja na tatu, kisha mbili na tano, kisha tatu na saba. Mzee akachimba kwa kisigino, akahesabu kama anavyohesabu shambani, kuanzia kigingini. Mashimo yakanyooka vizuri. Lakini la kwanza lilikaa juu ya kamba ya kanisani yenyewe, na mstari ukaikata hapo.

— Tatu tena, akasema Getruda, sauti imempungua.

— Basi kitabu kimekosea, akasema Ibra wa bodaboda. Kijiweni Ibra huitwa Waziri kwa kuwa hakosi jibu la swali lolote, ila majibu yenyewe ndiyo hukosea.

Akaeleza kwamba vitabu huchapwa Dar, kwenye tambarare, na Songea ni milima. Mstari ukifika huku lazima upande. Bwana Shamba akaongeza kuwa kule Mpitimbi ungekata kwenye nne. Waziri akasema hata nne ni kidogo, kwa sababu milima ya Matogoro inavuta.

— Na njia ya mwongo ni fupi, Mama Pamela. Mstari wako ni mrefu, kwa hiyo ni wa kweli.

Getruda alicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Aliona kwamba Waziri alikuwa amekataa abiria wawili tangu wachimbe shimo la kwanza, na kwamba mzee alisimama makusudi pale ambapo kivuli chake kilimfunika Pamela.

Hapo akafika mama mmoja wa Tunduru, Biasha, muuza korosho aliyekuwa akisubiri basi. Akamwamkia mzee shikamoo, akapokea kahawa, akauliza wanapanda nini hapo kiwanjani. Wakamweleza wote kwa pamoja. Akainama juu ya daftari.

— Hii ya sifuri na moja mbona haina shimo?

— Sifuri ni hakuna, mama, akasema Waziri.

— Sawa. Lakini nikisimama hapo kwenye kigingi, nimeshatembea hatua ngapi?

Waziri akahesabu kwa vidole, akaanza upya.

Getruda akachuchumaa, akakishika kigingi. Tangu utotoni alikuwa akihesabu kama baba yake: kigingini ndipo shimo la kwanza. Hata kwenye daftari, pale mihimili inapokutana, alikuwa akiandika moja.

— Sijatembea bado, akasema polepole. Hapa ndipo sifuri.

Akayafukia mashimo yote, akahesabu upya. Safari hii shimo la kwanza la jedwali lilikaa kwenye kamba ya kanisani yenyewe, fundo moja kutoka kigingini. Mstari ukapita hapohapo.

Bwana Shamba akakigusa kigingi kwa kisigino.

— Miaka thelathini nimeita kigingi moja. Sasa shamba langu lilikuwa na hatua ngapi?

Akanyoosha kikombe, lakini birika lilikuwa tupu. Getruda akamwonyesha mikono mitupu, akachukua ufagio ili asafishe kiwanja, kisha akauegemeza kwenye benchi. Mstari akauacha ulale pale mpaka kesho.