Kaka Vaithilingam, Kabari Zake na Baraza Langu

Baada ya miaka thelathini na sita ya kulitilia kabari gari la Bwana wa Mawingu, mungu wa hekalu letu, Kaka Vaithilingam amestaafu. Barua yake inasema alistaafu tarehe 30 Aprili. Barua haikukosea, ila haikujua mambo, kwa sababu jioni ya tarehe hiyo gari lilikuwa limeingia barazani kwangu, na hapa Tirukondalur hakuna anayestaafu, anayeoa wala anayelima mpaka gari lirudi bandani kwake. Kwa hiyo tukubaliane kwamba alistaafu tarehe 2 Mei, mchana kweupe, mbele ya mji mzima.

Wafanyakazi wenzangu wamenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Kwanza, mimi Ekambaram ni msimamizi wa ofisi ya hekalu na mtangazaji wa sherehe zake, na mtu akishika kipaza sauti kwa muda mrefu watu huanza kudhani anajua na kuandika. Pili, baraza lilikuwa langu.

Kwa waajiriwa wapya, ambao bado wanatusikiliza kwa heshima, ni vizuri wajue wamefika wapi. Mji wetu ni wa kale, na tunahakikisha kila mgeni analijua hilo kabla hajamaliza kuvua viatu. Kuta za hekalu zimejaa maandishi ya wafalme. Kwa vizazi kadhaa tuliwaambia wageni kwamba yanasimulia vita na ushindi, mpaka akaja mtaalamu akayasoma, akakuta yanahusu kondoo: nani alitoa kondoo wangapi ili ipatikane samli ya taa. Hatukufa moyo. Siku hizi tunawaambia wageni kwamba kondoo wetu walikuwa wa kifalme. Gari letu nalo ni la pili kwa ukubwa katika bonde lote la mto Kaveri. Kila mji wa bondeni una gari la pili kwa ukubwa, na hakuna anayetaka kwenda kupima.

Lakini kazi ya Kaka Vaithilingam haikuwa ya majigambo. Gari hili halina usukani, wala breki hatujawahi kukubaliana ni zipi za kununua. Lina magurudumu manne yanayompita mtu kimo, juu yake ghorofa za mbao, mianzi na vitambaa, Bwana ameketi humo na makuhani wake, na mbele kamba nene zinazovutwa na kila mwenye mikono. Breki ni mtu. Mtu huyo huinama mbele ya gurudumu linalokuja, husukuma chini yake kabari ya mti wa mkwaju ili gari lipinde au lisimame, kisha huondoa mkono. Wengi wanaweza kusukuma kabari. Kazi ni kuondoa mkono.

Baba yake, aliyeishika kazi hiyo kabla yake, mwaka mmoja alichelewa kidogo, akaishi na mguu mmoja mpaka kufa kwake. Ndiyo maana mwanawe alipomrithi hakuomba shali ya heshima wala cheo. Kila mwaka, kabla kamba hazijashikwa, aliwakusanya wenzake akasema maneno yale yale: "Jamani, tutarudi wote, na viungo vyetu vyote." Hilo ndilo alilolitaka katika utumishi wake wote. Alitaka siku atakayoiweka kabari chini asiwepo mtu yeyote mjini anayechechemea kwa sababu yake.

Kuinama huko kulimpa elimu ya pekee. Anatujua kwa miguu. Mwonyeshe sura yangu kwenye picha, atasita. Mwonyeshe kisigino changu, atakutajia jina langu, la baba yangu, na dawa ambayo sikuitumia. Harusini husalimia huku akitazama chini, na wageni humsifu kwa unyenyekevu. Si unyenyekevu. Anahakikisha kama ni wewe.

Alikuwa pia mtu aliyebembelezwa kuliko wote katika bonde. Gari likisimama mbele ya nyumba yako, Bwana anakuwa mgeni wako, unamtolea nazi na ndizi, na majirani wanakutazama vizuri mwaka mzima. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa pili watu walimjia na tambuu, na maziwa, na maneno matamu. Yeye alikula tambuu, akanywa maziwa, kisha akasimamisha gari pale gari lilipotaka kusimama.

Nami niliomba. Niliomba kuliko wote. Mwaka jana nilijenga baraza jipya kwenye kona ya Mtaa wa Magharibi na Mtaa wa Kaskazini, sakafu nyekundu ya kung'aa, nguzo nne, na juu ya ngazi tembo wawili wa saruji ambao fundi aliapa ni tembo. Nikamwita Kaka Vaithilingam aje alione.

"Kaka, safari hii Bwana asimame hapa hata kidogo tu," nilimwambia.

Akaitazama sakafu, akawatazama tembo. "Hawa nguruwe umewapata wapi?" akauliza, akaenda zake.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Kona ya nyumbani kwangu ina ugonjwa wake. Watu wa Mtaa wa Magharibi hawapendi Bwana aondoke kwao, kwa hiyo wakifika pale huvuta kama wagonjwa. Watu wa Mtaa wa Kaskazini huwa wamekwisha kuja kumpokea, huishika kamba hiyo hiyo mbele yao, na huvuta kama watu wanaomtoa ng'ombe kwenye mpunga. Kila mwaka Kaka Vaithilingam huwasihi wavute kwa pamoja. Kila mwaka wote huitikia kwa sauti kubwa, kisha wanafanya vile vile, maana babu zao walifanya hivyo.

Siku hiyo, gari lilipokaribia kona, mtangazaji wenu aliona mpiga picha wa gazeti. Nikamkabidhi mtu kipaza sauti, nikakaza shuka, nikajipenyeza kwenye kamba mahali penye mwanga mzuri, nikaweka uso wa mtu anayevuta. Magharibi wakalegeza. Kaskazini wakavuta. Kamba ikaruka, ikatupiga miguuni, watu wakaanguka, wakainuka, wakakimbia. Mmoja hakuinuka kwa sababu shuka lilikuwa limemfunga magoti. Huyo alikuwa mimi.

Nawaambia kweli, sikumwomba Mungu. Niliwaza kwamba picha imeharibika. Kisha nikasikia lile gurudumu, nikajua hakuna picha, hakuna baraza, hakuna kesho.

Kaka Vaithilingam hakuwa na nafasi ya kulisimamisha. Alichoweza ni kuligeuza. Upande mmoja palikuwa na wanawake na watoto wamejaa hadi ukutani. Upande wa pili palikuwa na baraza langu, ambalo dakika chache kabla lilikuwa na wageni wangu waheshimiwa, ila mke wangu Kokila alikuwa amewaita ndani wakanywe kahawa ikiwa ya moto. Kaka Vaithilingam aliinama, akatazama kati ya nguzo, hakuona miguu. Akapiga kabari. Gari likapiga kelele, moshi ukatoka kwenye kabari, gurudumu likanipita na kuchukua ncha ya shuka, kisha Bwana wa Mawingu akapanda ngazi zangu, akawaponda tembo wote wawili na kutulia barazani. Nguzo moja ilibaki. Wageni wangu walitoka wakiwa na vikombe mkononi.

Waliponiinua niliuliza swali la kijinga, kama kawaida yangu. "Kaka, uliwezaje kujua ni mimi?"

"Niliona kisigino kile chenye nyufa," alisema. "Nikasema, huyu ni Ekambaram, na Ekambaram ana baraza karibu." Kisha akaketi chini barabarani, akanishika mguu, akalia. Nami nililia, wala sioni aibu kuliandika.

Sherehe za kuaga zilikuwa zimepangwa jioni ile. Wali wa ukwaju ulikuwa umeiva, na ukaliwa, maana mji huu haujawahi kukosa hamu ya kula. Lakini manyunyu ya kiangazi yalikuwa yamelainisha udongo, na gurudumu moja lilikuwa limezama. Gari halikutoka siku ile wala iliyofuata. Bwana alikuwa mgeni wangu, kama nilivyoomba kwa miaka. Mji mzima ulipita sebuleni kwangu ukiwa na nazi. Kokila alipika bila kukaa, na kila nilipopita jikoni aliniambia, "Mume wangu, hebu omba na kitu kingine." Huko mashambani wakulima waliutazama udongo wenye unyevu ukikauka, majembe yamesimama, kwa sababu gari halijarudi.

Hapo likatokea jambo zito zaidi. Afisa mpya wa hekalu letu, mama mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka mji mkubwa, alisimama mbele ya gari tarehe mosi Mei akasema kwa upole kwamba Mzee Vaithilingam si mtumishi tena, na mtu asiye mtumishi haruhusiwi kuingia chini ya gurudumu.

"Mama, aliyelitoa ndiye hulirudisha," wazee wakamwambia. "Ndiyo desturi."

"Na akiumia leo," akajibu, "ni nani kati yenu atakayekwenda kumweleza mkewe? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mimi nilikuwa na mkono mmoja juu, lakini nilikuwa nashikilia nguzo.

Kaka Vaithilingam alimsikiliza. Tulidhani atagomba. Badala yake alimgeukia binti yake Poongodi, dereva wa mashine ya kuvunia mpunga, mama wa watoto wawili, ambaye kutwa alikuwa akilivuta gari kwa trekta kulitoa barazani. Kila mwaka wakati wa mazoezi, gari likiwa tupu, alikuwa akiweka kabari ya kulia na baba yake ya kushoto. Sote tulijua, na sote tulijifanya kwamba ni mchezo wa mtoto na babake.

"Utaweza mpaka bandani?" akamuuliza.

"Nitaweza, Baba."

Kelele zikaanza. Mwanamke chini ya gurudumu? Jambo hilo halijawahi kuonekana! Kaka Vaithilingam akawatazama, safari hii usoni. "Tangu lini gurudumu likamuuliza mtu kama amevaa sari?" alisema. "Mnamwogopea binti yangu kuliko mimi?" Hapo kila mtu akaelewa ni nani anayeogopa. Afisa akasema Poongodi aandikwe kazini siku hiyo hiyo, na akaandikwa.

Tarehe 2 Mei gari lilitoka barazani kwangu likiwa limebeba kipande cha sakafu nyekundu. Kamba zikashikwa. Poongodi aliikaza sari yake kiunoni, akawakusanya wenzake, akasema kwamba watarudi wote, na viungo vyao vyote. Baba yake aliamriwa asimame mbali, mbele ya kamba, nami nikaamriwa nimshike. Mkono wangu bado una alama za vidole vyake.

Gari lilivutwa Mtaa wa Kaskazini wote, na kwa mara ya kwanza watu walivuta kwa pamoja, pengine kwa sababu hapakuwa na mpiga picha. Kwenye kona ya mwisho gari liliegemea upande hadi kengele za ghorofani zikalia zenyewe. Poongodi akainama, tukaacha kumwona. Moshi ukapanda. Kisha gari likageuka polepole, likanyooka, na mkono wa Poongodi ukaonekana juu, vidole vyote vikiwepo, ukiwaashiria waendelee. Zumari zikapigwa. Gari likaingia bandani, likatulia, na mashambani matrekta yakaanza kunguruma hata kabla hatujamaliza kupiga makofi.

Baba mtu alikuwa bado amekodoa macho juu.

"Ekambaram," akaniambia taratibu, "huwa linayumba hivi?"

"Siku zote, Kaka."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Akanigeukia, akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba ndugu zake wote ni wezi. "Na mlikuwa mnaniacha niingie chini yake?"

Kaka Vaithilingam, tangu siku hiyo ofisi nzima imetafuta jibu la swali lako, na kwa niaba yake nakiri kwamba hatuna. Tulikuacha kwa sababu uliporudi kila mwaka ukiwa mzima, tulidhani ni jambo la kawaida. Leo tunakuona miguuni, mikononi na usoni, na tunakushukuru kwa kila aliyerudi nyumbani kwake akitembea. Ishi sana, Kaka, tembea pale unapopenda, na gari likipita, kaa mbali nalo kama sisi waoga.