Nahodha wa Kukaa Kitini

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi wetu wapendwa, wachezaji wangu, na nyinyi mliowahi viti vya karibu na meza ya soda: kila mmoja apokee salamu zangu kwa cheo chake.

Mimi ni kocha. Nimezoea kuhutubia nikiwa nimekasirika, kwa hiyo nikipaza sauti mnisamehe, ni mazoea tu.

Tunamuaga mlinda mlango wetu anayehitimu, binti tuliyempachika jina la Kufuli kwa sababu mabao yaligoma kupita kwake. Mnaikumbuka siku alipoumia? Kano ya goti imekatika, mtoto anagaagaa kwa maumivu, na bado anawafokea mabeki: "Rudini! Mnashangaa nini? Namba saba yuko peke yake!" Daktari alimpasua, akamtibu, kisha akatuambia wazi kwamba mpira basi. Nililia, ndugu zangu, na sioni haya kulisema.

Wadogo zake wakamletea mchezo wa kompyuta ajiliwaze kitandani. Kumbe wamemfungulia mlango! Leo hii timu ya kulipwa ya michezo hiyo inamtaka awe nahodha wao. Mnacheka? Kuna nahodha wa kukaa kitini? Hata mimi niliuliza hivyo hivyo, nikaenda kujionea. Nikawakuta vijana watano wamevaa hedifoni, wanne wanamsikiliza yeye: "Subirini. Nimesema subirini! Haya, wote kulia!" Ni sauti ile ile, na jicho lile lile linaloona hatari kabla haijafika. Nikaruka kushangilia, mpaka binti mmoja akanivuta shati: "Kocha, hiyo pointi ni ya wapinzani."

Sasa naomba niseme na mtu mmoja. Mzee wetu, fundi seremala, baba yake Kufuli: ulikuwa unakuja kila mechi, unasimama nyuma ya goli na vumbi la mbao kichwani. Tangu aumie, hujakanyaga anapocheza. Uliniambia, "Kubofyabofya nako ni kazi?" Sikulaumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe ulimwona akianguka. Lakini timu ile inataka jibu kesho, na mwanao ameniambia, "Kocha, baba asiponibariki, sisaini." Nafasi ya namna hii itamrudia lini tena? Sikuombi uupende mchezo wenyewe. Nakuomba tu ukakae pale anapocheza, umsikilize anavyoongoza watu.

Naona umesimama. Mzee, unatoka, au unakuja huku?

Anakuja. Jamani, sogezeni viti, mpisheni. Kufuli, mwanangu, acha kujificha nyuma ya wenzako, njoo upokee mkono wa baba yako.

Mimi sina la kuongeza. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa tunyamaze, tumsikilize mzazi.